Shoki Zikivuja, Breki Ziko Hatarini

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya visima, mbolea na vyoo. Mara hii tunaomba nafasi tuzungumze juu ya pikipiki. Katika vijiji vyetu, mama akishikwa na uchungu usiku, anayeitwa kwanza ni kijana wa boda boda. Mahindi yanaenda sokoni kwa pikipiki, na katekista anafika kigango cha mbali kwa pikipiki. Kwa hivyo hali ya pikipiki si jambo la mwenyewe peke yake. Ni jambo letu sote.

Boda boda zilianza kule Busia mpakani zikiwa baiskeli za kuvusha watu. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, pikipiki zikaenea hadi vijijini, na mafundi wa jua kali wakaongezeka nazo. Wengi wao ni hodari kwa injini. Lakini kuna sehemu moja ambayo watu huiacha mpaka iharibike kabisa, nayo ni shokabsoba, au shoki kama tunavyoziita. Mtu anaona mafuta yanateremka kwenye mguu wa mbele, anapangusa na kitambaa, anaendelea na safari. Anasema, "Hiyo ni kuruka ruka tu, abiria atavumilia."

Tunataka kuonyesha kwamba hilo si jambo la starehe ya abiria. Shoki inayovuja ni shida ya breki na ya usukani. Tena nyingi za mbele zinaweza kutengenezwa hapa hapa kijijini kwa gharama ndogo, mradi fundi awe msafi na asiwe na haraka. Ziko nyingine, hasa za nyuma, ambazo hazifai kufunguliwa na fundi wa kando ya barabara. Kujua tofauti hiyo kunaweza kuokoa pesa, na pia maisha.

SHOKI INAFANYA KAZI GANI?

Ndani ya shoki kuna vitu viwili vinavyosaidiana, yaani springi na mafuta. Springi inabeba uzito. Gurudumu likigonga jiwe, springi inajikunja, kisha inajinyoosha. Lakini springi ikiwa peke yake haijui kutulia. Itapanda na kushuka mara nyingi kama kitanda cha springi kikirukiwa na watoto.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Chukua sindano kubwa ya kudungia ng'ombe, uijaze maji, kisha uisukume. Ukisukuma pole pole, maji yanatoka bila shida. Ukisukuma kwa nguvu na haraka, mkono unakataliwa. Shoki ni hivyo hivyo. Ndani yake mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na upinzani huo ndio unaozuia springi kuruka ovyo. Nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa shoki nzuri ya nyuma baada ya barabara mbaya, unaikuta ina vuguvugu.

Shoki za mbele za aina hii, paipu moja ikiteleza ndani ya nyingine na mafuta yakiwa ndani, si jambo geni. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliziweka kwenye pikipiki za kuuzwa tangu mwaka wa 1935. Zile za boda boda zetu zinafuata mpango huo huo.

KWA NINI NI HATARI?

Kwanza, gurudumu likiruka juu haligusi barabara. Tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Mtu anayeteremka mlima wa murram akiwa na shoki zilizokufa, breki zake zinafanya kazi nusu nusu tu.

Pili, mafuta yanayovuja yanateremka. Kwenye pikipiki yenye breki ya disiki mbele, mafuta yanafuata mguu hadi kwenye disiki na pedi zake. Pedi iliyonyonya mafuta haishiki tena. Kwenye breki ya dramu ni vigumu zaidi mafuta kuingia ndani, lakini bado yanaweza kufika kwenye tairi.

Tatu, mguu mmoja ukiwa na mafuta na mwingine ukiwa mtupu, usukani hautulii, hasa ukifunga breki ghafla kwenye kona.

PIMA MWENYEWE KWA DAKIKA TANO

Hakuna haja ya fundi kwa upimaji huu. Ufanye asubuhi kabla ya kutoka kwenda kwenye steji.

1. Simama kando ya pikipiki, shika breki ya mbele, usukume usukani chini kwa nguvu kisha uachilie. Inatakiwa ishuke, ipande, na itulie. Ikiendelea kuruka, mafuta yamekwisha au yamechoka.

2. Pitisha kidole kwenye paipu ya kromu. Unyevu mwembamba sana wa mafuta si kitu. Ukikuta pete nene ya mafuta iliyoshika vumbi, sili imeanza kuvuja.

3. Angalia kromu yenyewe. Ukiona vishimo vya kutu mahali sili inapopita, jua kwamba hata sili mpya itakatwa.

4. Weka pikipiki kwa stendi kubwa, mtu mwingine aikalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika miguu yote miwili chini, usukume mbele na nyuma. Ikicheza, huenda bushi zimelika au beringi za usukani zimelegea.

5. Nyuma, sukuma kiti chini na uachilie. Kisha angalia shoki zote mbili kama zimelowa mafuta, na kama mipira ya juu na chini imepasuka.

JARIBU KUSAFISHA KWANZA

Si kila sili inayovuja imekufa. Mara nyingi, hasa wakati wa mvua, matope yanaingia chini ya kile kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi, na punje ya mchanga inainua mdomo wa sili. Inua kifuniko hicho pole pole na usafishe vizuri. Kisha kata kipande chembamba cha plastiki kutoka kwa chupa ya soda, ulainishe kingo zake, ukiingize kati ya sili na paipu na ukizungushe pande zote. Uchafu utatoka nacho. Usitumie bisibisi wala kipande cha chuma. Ukishapangusa, sukuma shoki mara kadhaa. Kama mafuta hayarudi, umepona bila kununua kitu. Yakirudi, basi sili ibadilishwe.

KUTENGENEZA SHOKI YA MBELE

Kabla ya kuanza, osha pikipiki nzima na utafute mahali ambapo hapana upepo wa vumbi. Tandika gunia safi au karatasi. Adui mkubwa wa kazi hii ni mchanga. Nunua sili mbili mpya za kipimo hasa cha pikipiki yako, vifuniko viwili vya vumbi, washa mbili za shaba na mafuta ya shoki. Tunasema mbili kwa sababu miguu yote miwili hutengenezwa pamoja, hata kama ni mmoja tu unaovuja.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa na uweke gogo imara chini ya injini, gurudumu la mbele likiwa juu. Isiegemee paipu ya moshi.

2. Ondoa gurudumu na madigadi. Kama kuna breki ya disiki, funga taya lake kwa waya juu, lisining'inie kwa paipu yake ya mafuta. Mtu yeyote asiguse breki wakati huo.

3. Kabla ya kutoa mguu, legeza boliti ya kubana ya juu, kisha ulegeze kidogo tu kifuniko cha juu cha shoki. Legeza pia ile boliti ya alenki iliyo chini kabisa ya mguu. Ifanye sasa, springi ikiwa bado inasukuma, kwa sababu ukiitoa springi kwanza, kile kijiti cha ndani kitazunguka pamoja na boliti na utahangaika siku nzima.

4. Legeza boliti za chini za kubana, zungusha mguu huku ukiuvuta, utatoka.

5. Fungua kifuniko cha juu. Hapa angalia sana! Springi inakisukuma. Kikandamize kwa kiganja na uweke uso pembeni. Toa springi, na uweke alama upande uliokuwa juu. Mimina mafuta kwenye chombo, ukisukuma paipu mara kama 10 ili yaishe. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

6. Toa kifuniko cha vumbi, kisha ile waya ya chuma inayofunga sili, kisha boliti ya chini. Vuta paipu itoke. Kwa pikipiki zenye bushi, utavuta kwa kugonga gonga mara chache, na sili itatoka pamoja na bushi. Kwa zile zisizo na bushi, sili inang'olewa kwa bisibisi pana, lakini uweke kipande cha mbao au kitambaa ili usikwaruze kikalio chake.

7. Osha vyuma vyote kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, uvikaushe. Viringisha paipu juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikipinda utaiona inachezacheza. Paipu iliyopinda ni ya kubadilishwa, si ya kunyooshwa kwa nyundo. Vishimo vidogo vyenye makali vinaweza kulainishwa kwa msasa laini sana wenye maji. Vikiwa virefu, paipu hiyo itakula kila sili utakayoweka. Linganisha urefu wa springi mbili. Lazima zilingane.

8. Rudisha kijiti na paipu ndani ya kasha, ufunge boliti ya chini kwa washa mpya ya shaba. Kama kuna bushi, irudishe mahali pake kabla ya sili. Paka sili mafuta ya shoki. Funika ncha ya paipu kwa mfuko wa plastiki ili makali yasichane mdomo wa sili, kisha uiteremshe. Upande wenye kispringi chembamba huelekea chini kwenye mafuta, na upande wenye maandishi huelekea juu. Weka sili ya zamani juu yake na ugonge taratibu, kuzunguka pande zote, kwa paipu yenye upana unaofaa. Endelea mpaka mfereji wa ile waya ya kufungia uonekane wote. Rudisha waya na kifuniko cha vumbi.

9. Tia mafuta. Kiasi fuata kitabu cha pikipiki. Kama huna kitabu, uliza kwa muuzaji wa pikipiki za aina hiyo, usikisie. Ile sindano ya ng'ombe inafaa sana kupimia. Sukuma paipu juu na chini pole pole ili hewa itoke. Kisha usimamishe mguu wima, paipu ikiwa imeshuka kabisa na springi ikiwa nje, na upime kwa rula kutoka mdomo wa juu hadi kwenye mafuta. Miguu miwili ilingane. Usidhani kujaza sana ndio uzuri. Ile hewa inayobaki juu ya mafuta nayo ni kama springi. Ikikosa nafasi, shinikizo linapanda na kutoboa sili zako mpya.

10. Rudisha springi na kifuniko, kisha miguu yote kwenye pikipiki, ikiwa na urefu sawa juu. Funga gurudumu, lakini kabla ya kukaza mwisho wa ekseli, teremsha pikipiki na usukume usukani mara kadhaa ili miguu ijipange sawa. Ndipo ukaze boliti zote.

11. Disiki isafishwe mpaka isiwe na mafuta hata kidogo. Pedi zilizolowa zibadilishwe. Kuzichoma kwa moto ati mafuta yatoke ni kujidanganya. Piga breki ya mkono mara nyingi mpaka iwe ngumu. Fanya hivyo kabla ya kupanda, si ukiwa barabarani.

MAFUTA GANI?

Mafuta ya shoki huuzwa kwa uzito mbalimbali, na kwa pikipiki nyingi ndogo uzito wa 10 hutumika. Kitabu cha pikipiki ndicho kinachoamua. Yakikosekana, mafundi wengi hutumia mafuta mekundu ya gia otomatiki za magari, ATF, nayo yanakaribiana. Lakini yafuatayo tunayakataa kabisa:

- Mafuta ya breki. Yanafurisha na kuharibu mpira wa sili za shoki.
- Mafuta ya injini yaliyotumika. Yana uchafu na vumbi la chuma.
- Grisi. Haipiti kwenye vile vitundu, kwa hivyo shoki inabaki springi tupu.

Mafuta ya zamani yasimwagwe kando ya mto au karibu na kisima. Weka kwenye jerikeni na upeleke kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu.

SHOKI ZA NYUMA: HAPA TUSIMAME KIDOGO

Shoki nyingi za nyuma za boda boda zimefungwa kiwandani. Hazina boliti ya kufungulia. Zikivuja, njia ni kununua mpya, mbili kwa pamoja. Unaloweza kutengeneza mwenyewe ni kubadilisha mipira ya juu na chini, kukaza boliti, na kurekebisha ile pete yenye ngazi iliyo chini ya springi. Ukibeba mzigo, ipandishe. Ukiwa mtupu, iteremshe. Na pande zote mbili ziwe ngazi moja. Lakini fahamu kwamba pete hiyo inainua pikipiki tu. Haiongezi nguvu ya fremu wala haifufui mafuta yaliyokwisha. Pia usitoe springi ya shoki bila kifaa cha kuikandamiza. Ikifyatuka inaweza kuvunja mkono au kutoboa jicho.

Kuna shoki nyingine zenye kopo dogo pembeni, au zenye gesi ndani ya kasha lenyewe. Kazi ya gesi hiyo ni kuyakandamiza mafuta yasitoke povu yanapopata joto. Gesi inayotumika ni naitrojeni, kwa sababu ni kavu na haiwaki. Zile zinazoweza kufunguliwa hutengenezwa na karakana yenye mtungi wa naitrojeni na vipimo vya shinikizo.

Sasa tusikilizane vizuri. Kijijini hatuna naitrojeni, lakini mchomeleaji ana mtungi wa oksijeni, na mtu anaweza kufikiri gesi ni gesi. Hapana! Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya chombo chenye shinikizo inaweza kuwaka yenyewe na kulipuka kama bomu. Hakuna shoki yenye thamani ya mkono wa kijana. Kadhalika shoki ya gesi isichomelewe, isitobolewe, isipashwe moto, na ikifa isitupwe kwenye moto wa takataka.

MZIGO NAO UNAUA SHOKI

Hata ukitengeneza vizuri namna gani, ukibeba abiria watatu na gunia la makaa utarudi kwa fundi mapema. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Wengine huchomelea vyuma vya ziada au kuingiza washa chini ya springi ili isizame. Shoki ikizuiwa kushuka, pigo linahamia kwenye fremu, na ufa wa fremu hauna sili ya kubadilisha.

TUFANYE NINI KAMA KIKUNDI?

Tuseme kijana anaenda kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 2,500 kwa mwezi, na kilomita 30,000 kwa mwaka. Hakuna anayekubali injini ikae mwaka mzima na mafuta yale yale. Kwa nini shoki tuziache? Ushauri wetu ni kwamba boda boda ya murram ibadilishwe mafuta ya shoki angalau mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kabla ya mvua ndefu, hata kama haivuji.

Chama cha boda boda kinaweza kununua kwa pamoja alenki ndefu, paipu ya kugongea sili, sindano ya kupimia na rula ya chuma. Ni vyombo vichache, na vikitunzwa vitatumika miaka mingi. Mtu mmoja aandike katika daftari namba ya pikipiki, tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi, washiriki wapimane pikipiki kwa ile njia ya dakika tano. Atakayekutwa na mafuta kwenye disiki asibebe mtu mpaka atengeneze. Kama hana pesa siku hiyo, chama kimkopeshe. Bei ya sili mbili na mafuta ni ndogo sana ukilinganisha na miguu miwili mipya, na haiwezi hata kutajwa mbele ya gharama ya hospitali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi abiria tuna sehemu yetu. Kabla ya kupanda, tutupe jicho kwenye mguu wa mbele. Tukiona umelowa mafuta, tumwambie kijana wetu kwa upole, na tungoje pikipiki nyingine.